Kandambili Zilizotazama Shimo

Walikuja kuchukua kandambili zao. Nimeona mengi Salamabila, lakini hilo ndilo baya kuliko yote. Udongo ulikuwa bado unapumua ndani ya shimo: unashuka kidogo, unanyamaza, unashuka tena. Mimi nilikuwa nimelala pale mulangoni, mukono umeshika kamba ya kuvutia mifuko, na upande wa pili wa ile kamba hapakuwa tena na mutu. Ndipo ndugu za Asumani Kitete, mwenye shimo, wakatokea upande wa kijito. Miguu yao ilikuwa safi. Mumoja mumoja waliinama, wakatafuta zao, wakavaa, wakasimama pembeni bila kulia.

Walipomaliza zikabaki zile ambazo wenyewe hawakuja. Za Selemani, mudogo wangu wa tumbo moja, zilikuwa za bluu, ya kushoto imeshonwa na waya. Zilitazama barabara, kama anavyoziweka kila siku. Kuna zingine, kabla hazijachukuliwa, zilikuwa zimetazama shimo. Niliziona. Siku ile kichwa changu hakikuwa na nafasi ya kuuliza kwa nini.

Mwenye kusoma huko Kasongo au mbali zaidi, aelewe kwanza desturi yetu. Kwetu wachimbaji wa madini hakuna anayeshuka na kandambili. Unaziacha mulangoni, na kabla ya kushuka unazigeuza, vidole vitazame barabara, kisigino kitazame shimo. Ni kuambia udongo: mimi ni wa kurudi. Hata mulevi hasahau kuzigeuza. Na wa juu wakitaka kujua nani iko chini, wanaangalia kandambili.

Sababu ya safari yangu ilianzia kwenye baraza la sefu, chifu wetu, matanga yalipokwisha. Tulitaka shimo lifunguliwe, watu wetu watolewe wazikwe. Kitete alitaka lifukiwe kabisa, achimbe lingine juu yake. Alisimama na koti lake la ngozi katika lile joto, akasema:

"Sefu, hata ndugu zangu walikuwa mule. Kandambili zao kila mutu aliziona. Wao wamepita mulango wa zamani wa chini, wakanawa miguu kijitoni. Wengine hawakupata bahati. Mulima hauna macho. Haujui huyu ni wa Kitete, huyu si wa Kitete."

Bwanga, fundi wake wa miti, yule anayesimamisha nguzo ndani ya shimo, alitikisa kichwa kukubali kama mutu anayesikia mahubiri.

Mama Zaina, anayetuuzia bugali na sombe pale mashimoni, na ambaye mutoto wake mumoja alibaki chini, aliuliza, "Kwa hiyo wa kwako wote wakatoka, na sisi wa kwetu karibu wote wakabaki, mulima haukuona?"

"Bahati, mama. Bahati."

Sefu alitupa muda. Alisema kama kuna mwenye neno la kupinga hiyo bahati, arudi nalo. Kama hakuna, Kitete afukie. Basi hilo ndilo nililokwenda kutafuta: neno moja la kupinga bahati. Bila hilo Selemani angekuwa msingi wa shimo la mutu aliyemuua.

Wamaza. Nilirudi kwanza nyumbani, kwenye shamba la mihogo, kumuambia mama yetu. Hakulia. Aliuliza tu kama kandambili bado ziko mulangoni. Nikasema ziko, hakuna anayethubutu kuzigusa. Akasema, "Basi hajamaliza kutoka."

Mutu wa moto, yaani pikipiki, anayebeba watu mpaka Kasongo ndiye aliyenitajia Mwalimu Régine. "Yaya, mukubwa wangu, huko iko mwanamuke anafundisha hesabu kwenye shule kubwa za mbali. Amerudi kumuuguza mama yake. Wanasema ukimuletea jambo, anapima kama ni bahati au kuna mukono wa mutu." Mimi niliacha shule darasa la nne. Niliogopa. Lakini nilipanda.

Njiani. Tuliondoka asubuhi yenye ukungu, ule wa kwetu unaolala mabondeni ukafunika hata mitende, vichwa tu vinaonekana, kama watu waliofukiwa mpaka shingoni. Kwenye daraja la magogo, mutu wa moto akazima ili tusukume. Katikati ya gogo kulikuwa na kandambili moja. Moja tu, imetazama tulikotoka. Hakukuwa na mutu mbele wala nyuma, wala mashua chini.

Akaipiga teke, ikaanguka majini.

"Kwa nini umefanya hivyo!" nilimupigia kelele.

"Yaya, ni plastiki."

Nilimulazimisha asubiri. Nilisimama nikatazama maji mpaka yakaipeleka kwenye kona. Haikuzama. Iligeuka polepole, ikatazama juu ya muto, halafu ikapotea. Kutoka pale yule mutu wa moto, ambaye tangu Wamaza alikuwa anaimba, hakuimba tena.

Lusangi. Tulilala kwa muzee mumoja mukulima, Mukristo, rafiki wa marehemu baba. Alinipa maji ya kuoga na chakula, akanikaribisha ndani. Pale kizingitini nilivua kandambili nikazigeuza zitazame inje. Muke wake alizitazama, akamutazama mume wake. Asubuhi nilizikuta zimerudishwa, zimetazama ndani.

"Mama, nani amezigeuza?"

"Mimi," alisema. "Samahani, baba. Tangu zilipotazama inje, mbuzi walikataa kunyamaza. Nilitaka ukae. Zilikuwa kama zinakwenda."

Nilivaa, tukaendelea.

Kasongo. Nyumba ya mama wa Mwalimu Régine iko ya matofali ya zamani, nyuma ya shamba la mahindi, na picha ya Bikira Maria juu ya mulango. Mwalimu mwenyewe ni mwanamuke mufupi, miwani imefungwa na uzi. Alikuwa anapepeta muchele. Nilimueleza yote, toka kandambili mpaka bahati ya Kitete. Alisikiliza bila kuacha lungo lake.

Nilipomaliza akamwaga ule muchele kwenye beseni, akafuta lungo, akachukua kaa la jikoni akapiga mustari katikati.

"Papa Amuri, juu ya mustari ni waliotoka. Chini ni waliobaki. Maharagi ni watu wa Kitete. Mahindi ni wengine wote. Weka watu wako."

Nilikaa chini nikaweka. Kila punje nilitaja jina. Maharagi yote yakakaa juu. Mahindi yakajaa chini, machache juu, na mumoja wa wale wachache ni mimi, kwa sababu nilikuwa kwenye kamba karibu na mulango. Punje ya Selemani niliipaka kaa nisiipoteze. Upande wa maharagi, chini, pakabaki patupu. Pale patupu paliniuma macho kuliko penye punje.

Akaniambia, "Sasa una malundo manne, kama kona nne za shamba. Zidisha kona hii na ile inayoitazama kwa mushazari. Halafu zidisha zile mbili zingine. Kama mulima hauna macho, majibu mawili yanakaribiana. Kuwa jamaa ya Kitete na kufa, kila kimoja kinakwenda njia yake, havijuani. Hiyo ndiyo aljebra yote, kwa leo."

Hata mimi wa darasa la nne niliweza. Kona moja ilikuwa na sifuri, na sifuri inakula kila kitu. Kona za upande mwingine zilitoa kitu kikubwa.

"Havikaribiani," nilisema.

"Havikaribiani. Ngoja nikuonyeshe umbali." Alimuita mama yake, mugonjwa aliyekaa kwenye kiti, wakashika kitenge kona nne, mimi na wao. Kona mbili zinazotazamana tukainua, mbili tukashusha. Nguo ikajipinda katikati kama mugongo wa punda, lakini ukitazama nyuzi, kila uzi ulikuwa umenyooka. "Hii ndiyo jiometri yake," alisema. "Kila dunia ambayo mulima hauna macho, inakaa mahali fulani juu ya nguo hii. Kuna dunia ambazo wengi walikufa, kuna ambazo wachache. Zote ziko juu ya nguo. Ya kwenu..." Alichukua haragi moja kwa vidole, akalishika hewani, mbali na kitambaa, karibu na sikio langu. "Ya kwenu iko hapa."

Nilitazama lile haragi lililokaa mahali pasipo na kitu. Nilielewa kwamba siku zote hizi nilikuwa ninaishi pale hewani, nje ya nguo, na Kitete ananiambia niko juu ya kitambaa kama watu wote.

"Lakini dunia inaweza kutoka nje ya nguo kidogo kwa bahati," Mwalimu alisema. "Tunataka kujua kama bahati inaweza kuifikisha mbali hivi. Sasa wewe ndiye mulima, Papa Amuri. Mulima usio na macho. Funga yako."

Nilifunga. Akanielekeza: mukono mumoja uchukue punje moja ya juu, mwingine punje moja ya chini, bila kuchagua, zibadilishane. Anayetoka anatoka, anayebaki anabaki. Hesabu ya waliotoka haibadiliki, hesabu ya jamaa haibadiliki. Kinachobadilika ni nani. Alisema kwa njia hiyo, hatua kwa hatua, unatembea ndani ya dunia zote ambazo zingeweza kutokea shimoni siku ile, na kuna watu wamekaa miaka wakitumia aljebra kuhakikisha hakuna hata dunia moja ambayo hatua hizo haziwezi kuifikia.

Nikabadilisha. Nikafungua macho. Haragi moja lilikuwa chini. Mutu mumoja wa Kitete amekufa, na hindi moja limepanda.

"Tena."

Tuliendelea mchana wote, kuku wanazunguka wakitaka kula watu wetu, mama mugonjwa anawafukuza kwa fimbo. Kila hatua kuna aliyekuwa amekufa anatoka, na aliyekuwa hai anaingia. Nilianza kusikia ule udongo tena, unashuka, unanyamaza. Vidole vyangu ndivyo vilikuwa vinashusha. Mara moja nilifungua macho nikakuta punje yenye kaa iko juu. Selemani ametoka.

"Tusimame hapa, Mwalimu," nilisema.

"Papa..."

"Tusimame hapa kidogo."

Alisimama. Alivua miwani akaifuta kwa nguo yake. Niliangalia chini ya mustari kutafuta nani ameingia mahali pake. Ilikuwa punje yangu. Niliijua kwa sababu ilikuwa imevunjika ncha. Tulikaa hivyo, yeye hai na mimi chini, na kuambia ukweli, nilipumua vizuri kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Halafu Mwalimu alisema kwa upole, "Mulima hausimami, Papa Amuri." Nikafunga macho.

Mpaka jua linashuka kwenye mahindi, dunia ya Kitete haikurudi hata mara moja. Hakuna mara maharagi yote yalipanda pamoja. Mikono yangu ilipokuwa haina macho, maharagi yalikufa kama wengine.

"Basi tumemushika," nilisema.

"Hapana. Sikiliza vizuri, usije ukaaibika mbele ya sefu." Aliweka lungo chini. "Hesabu inasema mulima ulikuwa na macho. Haisemi macho ya nani. Labda jamaa walikuwa wanafanya kazi pamoja, karibu na ule mulango wa chini. Hapo mulima unachagua jamaa, na hakuna mutu aliyefanya kosa. Kitete atasema hivyo. Unahitaji kitu kingine kinachotenga jamaa na wengine, kabla udongo haujashuka."

Sikuwa nacho. Nikainuka kwenda kuoga, na kwenye kizingiti nikatafuta kandambili zangu. Mwalimu alikuwa ananiangalia.

"Nilitaka kukuuliza toka ulipofika," alisema. "Kwa nini umeziweka zikitazama inje?"

Nilianza kumueleza desturi. Nilisema hata mulevi hasahau. Nilisema kila anayeshuka. Niliinama nikashika moja. Nikaona mulango wa shimo asubuhi ile, na safu ya kandambili zilizotazama ndani, zimepangwa vizuri moja kando ya mwenzake. Zilikuwa za ndugu za Kitete. Zote, na za hao tu.

Mutu anayeshuka huzigeuza. Zilizotazama shimo ziliwekwa na mutu aliyesimama barabarani, amezibeba, akaziinamia, akaziweka vile yeye mwenyewe alivyokuwa ametazama. Mukono mumoja. Wenyewe hawakuwa chini hata kidogo.

"Mwalimu," nilisema, "hawakushuka."

"Kwa nini basi waweke kandambili?"

"Kwa sababu tungekuja asubuhi tukakuta za jamaa yake hazipo, tungeuliza. Tungekataa kushuka."

Mama mugonjwa, ambaye nilidhani amelala, alifanya ishara ya musalaba.

Kurudi. Sitaeleza sana njia ya kurudi. Ukungu ulikuwa ule ule. Kwenye daraja nilivuka kwa miguu, peku. Nilipita Lusangi bila kulala kwa wale wazee, nisiwatie hofu tena. Nilikuwa na lungo mugongoni, na maharagi na mahindi kwenye mufuko wa shati. Mutu wa moto aliuliza kama nimekwenda Kasongo kununua chakula. Nikasema ndiyo, ni chakula cha Kitete.

Salamabila. Baraza lilijaa. Niliweka lungo mbele ya sefu nikapanga punje, nikataja majina. Kitete alicheka.

"Papa Amuri sasa ni muganga wa maharagi!"

Watu wakacheka na yeye. Nikawaacha. Nikamuita Mama Zaina, nikamuambia afunge macho awe mulima. Alibadilisha. Akabadilisha tena. Kicheko kikapungua, halafu kikaisha, kwa sababu kila mutu alianza kutafuta punje ya kwake. Wengine walisogea. Mwanamuke mumoja alinong'ona, "Wa kwangu amepanda," akafunika mudomo. Mama Zaina alipofungua macho maharagi yalikuwa yamelala chini kati ya mahindi, na mudogo wa Kitete, aliyekaa pale, alitazama lungo kama anayetafuta lipi ni lake.

Nikasema, "Huyo ndiye mulima usio na macho. Mutuambie mulima wa kwetu ulipata wapi macho."

Kitete alikuwa na jibu, kama Mwalimu alivyosema. "Walikuwa wanafanya kazi karibu na mulango wa chini! Wote pamoja! Ndiyo sababu."

"Waliingia kwa mulango gani?"

"Wa juu, kama kila mutu. Kandambili zao ziliachwa wapi? Si pale juu?"

"Zilitazama wapi?"

Hakuelewa. Kitete hajashuka shimoni tangu awe pedeje, ndivyo tunavyomuita mwenye shimo. Alisahau desturi. Lakini wachimbaji wote walielewa kwa mara moja, na niliona jambo lile likipita juu ya nyuso zao kama kivuli cha ndege. Mama Zaina alisimama.

"Zilitazama shimo," alisema. "Mimi niliziona wakati ninaweka sufuria. Nilisema hawa vijana leo wana haraka gani. Na nilimuona Bwanga anatoka pale na mufuko mutupu."

Bwanga alikuwa anaangalia miguu yake. Kitete alimutuma siku chache kabla ang'oe nguzo za njia ya zamani ndani ya shimo letu, azipeleke kwenye shimo lake lingine. Hilo tulilijua wote, tulidhani anaweka zingine mahali pake. Nikamuuliza mbele ya wote, "Bwanga, kaka, ulizibeba wewe?" Alivua kandambili zake pale barazani, taratibu, akaziweka mbele yake zikitazama mulango, akaondoka peku. Mpaka leo hakuna aliyemuona.

Kitete alipiga kelele kwamba ni uchawi, kwamba kandambili si shahidi. Sefu aliogopa pande zote mbili. Alikataza shimo lisifukiwe, wala hakuamuru lifunguliwe. Alisema tungoje.

Tunangoja. Nimejifunza kitu kimoja kwenye safari ile: bahati ina umbo, na mutu anaweza kulipima, na wenye kuiba maisha ya watu wanajificha nyuma yake kwa sababu wanadhani maskini hawezi. Siku nyingi ninapita pale mulangoni. Mvua imejaza kandambili udongo, nyasi inatoka kwenye ile ya kushoto yenye waya. Bado zinatazama barabara, zote, kama watu waliokaa tayari kuondoka. Za Bwanga tumeziweka kando yao.

Asumani Kitete, uko Salamabila, unakula, ndugu zako wanakula. Mimi sikuulizi habari za mulima tena. Ninakuuliza wewe, kwa jina lako, mbele ya kila anayesoma: ulijua asubuhi ile kwamba njia itashuka, ukawabakisha wa kwako nyumbani, ukatuma kandambili zao zitudanganye. Kwa nini hukutuambia na sisi? Na ninamuuliza sefu: unangoja nini? Njoo, Kitete. Vua hivyo viatu vyako, simama kwenye mulango wa shimo, ujibu. Wa kwetu wako chini. Wanasikia.